Wakili, Tarumbeta na Siku ya Sita

Meskerem 4, Jumamosi

Nimetoka mahabusu. Siku mbili sakafuni, ubavuni mwa mwizi wa kondoo anayekoroma. Mwaka una siku nne tu na tayari umeniharibikia. Siku ya kwanza nilipokea maua ya njano mlangoni kama watu wengine. Siku ya pili nikapokea pingu.

Shtaka: kuvunja ghala la chama chetu cha kuzikana, jioni ya tarehe nne ya Pagume, mwaka ukikaribia kwisha, na kuiba tarumbeta. Si hema, si masufuria makubwa ya misibani, si viti. Tarumbeta! Polisi aliyeandika maelezo alikuwa anacheka peke yake.

Naandika humu kwa kuwa humu hakuna anayesoma. Ndiyo, nililichukua mimi. Lakini haukuwa wizi, ulikuwa mpango. Asnake, mpiga tarumbeta wa chama, ndiye anayezunguka mtaa alfajiri kutangaza aliyefariki. Kwa hiyo yeye ndiye wa kwanza kujua. Mimi natengeneza fremu za picha, na hapa Dessie mtu hazikwi bila picha yake kutangulizwa ndani ya fremu. Anayeujua msiba mapema ndiye anayepata kazi. Asnake kazi zote anampelekea Mekuria, fundi mwenzangu wa fremu na vioo, kwa kuwa Mekuria ni shemeji yake. Mwaka wa tatu huu! Watu niliokua nao wanakwenda makaburini ndani ya fremu za Mekuria, pembe zimeachana, unaweza kupitisha kidole.

Mpango ulikuwa rahisi. Tarumbeta lipotee. Asnake afukuzwe kwa uzembe. Baada ya wiki mbili nilione mtaroni, kwa bahati tu, nipigiwe vigelegele, nipewe kazi yake. Hakuna ambaye angeumia isipokuwa Asnake, na Asnake anastahili.

Kilichoniponza ni ufundi. Mwizi wa kawaida angelivunja lile dirisha. Mimi mkono ulikataa. Nilikwangua polepole ile pati inayoshika kioo, nikakitoa kioo kizima, nikakipangusa, nikakiegemeza ukutani juu ya gazeti. Hakina hata mkwaruzo. Polisi alikitazama sana, kisha akauliza ni nani mtaani anaweza kazi hii.

Mama ndiye aliyenidhamini kwa nyumba yake. Walimletea karatasi kitandani, maana hajainuka tangu mvua zianze. Alitia kidole gumba bila kunitazama. Mzee Wubshet, mwenyekiti wa chama, amekwishatangaza: nikipatikana na hatia, kaya yetu inafutwa. Na jina la Mama limo daftarini chini ya jina langu, tangu baba afariki. Miaka arobaini amepika kwenye misiba ya watu, macho yameharibiwa na moshi wa misiba ya watu. Akifutwa hapati hema, hapati wabebaji, hapati tarumbeta. Atatolewa kama msafiri aliyefia stendi. Anachoomba siku hizi ni azikwe na wenzake, basi, hana ombi jingine.

Lazima nishinde kesi hii. Jumatatu natafuta wakili.

Meskerem 6, Jumatatu

Nimeamshwa na sufuria. Asnake! Kwa kuwa hana tarumbeta, anazunguka akigonga mfuniko kwa mwiko, sauti imemkauka, machozi yanamlengalenga. Watu wanatoka wanampa pole yeye kabla ya wafiwa. Kuna mama amempa mayai. Nilitaka afukuzwe, na sasa amekuwa shujaa wa mtaa.

Nimekwenda mahakamani. Nje ya ua, chini ya mwavuli, nimemkuta bwana mmoja mwenye miwani, tai na taipureta. Anaitwa Tefera. Anasema hajawahi kushindwa kesi. Nikasema huyu ndiye. Nikamweleza yote kwa sauti ya chini, maana wakili haelezwi nusu, naye akawa anapiga herufi huku akitikisa kichwa kwa huzuni. Tumeelewana fremu mbili za ukutani, na karatasi nimekabidhiwa papo hapo, ina harufu ya wino bado.

Nimeisoma nikiwa njiani. Inaanza hivi: kwa heshima na machozi, mimi Demelash, mwenye mama mgonjwa, naiomba mahakama tukufu inihurumie kwa ajili ya tarumbeta nililoliiba. Nililoliiba! Nimerudi mbio. Tefera kanieleza kwa utulivu kwamba yeye si wakili, ni mwandishi wa maombi, na kwamba mahakimu wanapenda ombi la huruma kuliko ubishi. Hajawahi kushindwa kesi kwa sababu hajawahi kupita lile geti. Karatasi nimeichoma jikoni. Fremu akazidai zote mbili. Nimempa moja, yenye kasoro.

Meskerem 8, Jumatano

Nimepata wakili wa kweli. Seid Yimam, ofisi yake iko ghorofani juu ya duka la viatu. Vyeti vyake vya chuo kavibandika ukutani kwa gundi, kingo zimejikunja, kimoja kina doa la kahawa. Nimeumia macho. Tumekubaliana: mimi nivitie vyote vitano kwenye fremu za mbao ngumu, kioo kizito, naye anitetee.

Kaniuliza kama nilifanya. Baada ya Tefera nimekuwa mwerevu. Nimekana kila kitu, nikaapa kwa Mama. Akaweka kalamu chini.

"Sikukuuliza ili nijue ukweli, Demelash. Nilitaka kuona unavyodanganya. Unadanganya vibaya mno. Kwa hiyo mahakamani hutasema neno."

Kisha akanipa njia yake. Hakuna aliyeniona. Tarumbeta halijapatikana. Polisi wanacho kile kioo tu, na mafundi wanaoweza kutoa kioo namna ile mtaani kwetu ni wawili. Hatuhitaji kuthibitisha kwamba ni Mekuria. Inatosha hakimu aone kwamba angeweza kuwa Mekuria. Kesi ni Meskerem 20 na kazi yangu mimi ni kufunga mdomo.

Nimeteremka ngazi kwa furaha. Nilipofika ya tatu ndipo maneno yaliponiingia. Mekuria angeweza? Mekuria hawezi kutoa kioo cha picha ya kitambulisho bila kukipasua!

Meskerem 10, Ijumaa

Siku mbaya. Jana wakili alikwenda ghalani na tepu ya kupimia, akalipima lile dirisha mbele ya watu, akasema kwa sauti kwamba hii ni kazi ya fundi bingwa na kwamba mtaa huu una bahati ya kuwa na mafundi bingwa wawili. Leo mtaa mzima unalirudia hilo. Mekuria anatembea kifua mbele. Mjane wa mwalimu, mteja wangu tangu zamani, nimemwona kwa macho yangu akimpelekea Mekuria picha ya marehemu.

Kwenye kahawa nimemkuta Asnake amekaa na mfuniko wake mapajani. Akasema, nisikie, kwamba shemeji yake kama angetaka kuiba angeiba kwa usafi uleule. Watu wakacheka. Na Mekuria hakukana! Anakuna kidevu tu, anatabasamu kwa unyenyekevu. Kazi bora kuliko zote nilizofanya maishani, nayo siwezi kuitaja, na sifa anakula yeye.

Nimerudi nyumbani sina hamu ya kula. Injera imebaki kwenye sinia. Nimeamua. Siwezi kuachiwa huru kwa sababu ya aina hiyo. Nitaonyesha sina hatia kwa njia yangu mwenyewe, bila Mekuria kutajwa. Wakili sitamwambia. Mawakili hawapendi mteja anayefikiri.

Meskerem 12, Jumapili

Kazi imekwisha, na imekwisha vizuri!

Nimepanda hadi chemchemi ya maji matakatifu ya Malaika Rufaeli, saa mbili kwa miguu. Pagume, ule mwezi wetu mdogo unaofunga mwaka, nusu ya mji huwa huko inaoga na kuomba. Hakuna anayehesabu watu. Mlinzi wa lango, Zerihun, ana muhuri. Nimemwomba barua ya kuthibitisha kwamba mwezi wote mdogo nilikuwa huko. Akauliza kama kweli nilikuwepo. Nikasema kimoyomoyo nilikuwepo. Akaitazama picha ya Malaika niliyombebea, fremu ya dhahabu, kioo safi, akasema moyo ndio unaotazamwa.

Maneno nimemtungia mimi, maana mambo ya tarehe yanataka kichwa. Ghala lilivunjwa jioni ya tarehe nne. Asnake akagundua alfajiri ya tarehe tano. Kwa hiyo tarehe nne na tano lazima niwe chemchemi. Lakini asubuhi ya mwaka mpya watu wote waliniona nyumbani na maua mkononi. Mtu mwingine angechanganyikiwa hapo. Mimi nimeandikisha kwamba nilishuka kutoka chemchemi tarehe sita ya Pagume, mchana, bila haraka, nikafika jioni, na kesho yake mwaka ukanikuta mlangoni kwangu. Ningeweza kusema nilishuka tarehe tano, lakini siku ileile kelele zilipoanza? Ingeonekana nimekimbia. Nimejiwekea siku moja ya kupumulia. Baada ya kazi ile nilijifungia ndani na pazia limeshushwa, sijui nililala siku ngapi, ila Pagume naijua. Ina siku sita. Paa lilivuja zote sita na Mama akazihesabu kwa mabeseni.

Zerihun kapiga muhuri bila kusoma. Nimempenda huyu mzee.

Meskerem 17, Ijumaa

Sikukuu ya Msalaba. Moto wa jana bado unafuka uwanjani, watu wamepaka majivu kwenye vipaji vya nyuso, wanatembeleana. Kwetu hajaja mtu hadi mchana. Mwenye kesi hatembelewi.

Mama ameniuliza kama wiki hizi hakuna aliyefariki, maana hasikii tarumbeta. Nikasema wamefariki watatu. Akauliza wametangazwaje. Nikasema kwa mfuniko wa sufuria. Akageukia ukutani, nikadhani amelala.

"Mimi siendi kwa mfuniko," akasema.

Nilishindwa kumtazama, maana tarumbeta lenyewe liko chini yake. Nimelitia kwenye sanduku lililo uvunguni mwa kitanda chake, lenye shuka jeupe atakalozikiwa. Sanduku lile halifunguliwi hadi siku yenyewe ifike. Polisi walipokagua nyumba waliliona, wakaambiwa lina nini, wakavua kofia wakatoka nje. Katika mpango wote huu hiyo ndiyo sehemu ninayojivunia kuliko zote, baada ya kioo.

Mchana akaja Mzee Wubshet, peke yake, na mkate wa sikukuu. Nilijua amekuja kwa ajili ya Mama, maana mimi alinipa ncha za vidole tu. Mama akanituma kahawa. Nikasema ipo. Akasema ile ya ng'ambo ya soko. Niliporudi, daftari la chama lilikuwa kitandani na kidole gumba cha Mama kina wino. Nikauliza. Mzee Wubshet kasema kuna majina yalikuwa yameandikwa vibaya, wanayarekebisha. Nimefurahi sana. Mtu hawezi kurekebisha jina la kaya anayotaka kuifuta. Wameanza kulegea.

Meskerem 20, Jumatatu

Leo ndiyo ilikuwa kesi.

Hakimu ni mwanamke kijana, mpole, ana kalamu mbili. Wakili Seid alikuwa moto. Asnake alisimama na mfuniko wake kana kwamba ndio kielelezo, akaeleza alivyokuta dirisha liko wazi. Wakili akamuuliza kama aliniona. Hakuniona. Mafundi vioo wa mtaa ni wangapi? Wawili. Huyo wa pili ni nani yako? Asnake akashusha mfuniko, akasema ni shemeji. Polisi naye akakiri kwamba kioo kilikuwa kimepanguswa, hakina alama hata moja. Hakimu anaandika, anageuza ukurasa, anaandika. Nikaona kabisa kesi inakufa mbele yangu.

Kisha wakili akasema ile sentensi. Kwamba kazi ile, mheshimiwa, Mekuria angeweza kuifanya kwa ustadi uleule. Nikageuka. Mekuria alikuwa benchi la nyuma. Akatabasamu.

Nikasimama. Wakili akanivuta koti, kifungo kikabaki mkononi mwake. Nikasema ninao ushahidi wangu, na kwamba hatuna haja ya kumsingizia mtu ambaye kazi hiyo haiwezi. Barua ikapelekwa mbele. Hakimu akaisoma. Akairudia. Akaniuliza kwa upole kama ninathibitisha kila tarehe iliyomo. Nikasema naapa, kila moja.

"Bwana Demelash," akasema, "miezi yetu kumi na miwili ina siku thelathini thelathini, hakuna unaozidi. Pagume ina siku tano. Ya sita huja mwaka mmoja katika minne, na ilikuja mwaka juzi. Mwaka jana haikuja. Sasa nieleze, hiyo tarehe sita wewe ulikuwa wapi?"

Nikasema chemchemi.

Hata karani alicheka. Askari wa mlangoni alishika ukuta. Nilikuwa nataka kueleza habari ya paa, kwamba labda lilivuja mwaka juzi, lakini hakuna aliyeniuliza habari ya paa. Wakili hakucheka. Alikuwa anakiangalia kile kifungo. Hukumu ni Alhamisi.

Meskerem 21, Jumanne

Nimempelekea wakili fremu ya tano. Nimemkuta ameshavitoa vyeti kwenye zile nne na kuvibandika tena ukutani kwa gundi. Kioo kimoja amekipasua katika kutoa. Angeniita, ningekitoa mimi.

"Mtu aliyekuwa mahali pabaya ninaweza kumtetea," akaniambia. "Mtu aliyekuwa mahali kwenye siku ambayo haikuwepo, simwezi."

Nimemsihi. Nimemtaja Mama, na hema, na machela. Hapo alilegea. Akasema atakuja Alhamisi, lakini kwa ajili ya yule mama tu, si kwa ajili yangu. Kisha akauliza tarumbeta liko wapi. Likirudi kabla ya hukumu, hakimu anaweza kulainika, na huenda na chama pia. Nikasema sijui, naapa kwa Mama. Akanifungulia mlango na kusema nimuache mama yangu apumzike na viapo vyangu.

Usiku kucha nitafikiri, nilimwahidi. Kusema kweli nimefikiri hadi nilipofika kwenye kona. Likirudi sasa, Asnake atalipata bila jasho, kazi yake imara kuliko mwanzo, na mimi nimelipia yote. Hapana.

Meskerem 23, Alhamisi

Sijui nianzie wapi. Nianzie mlangoni.

Hakimu alikuwa ameshashika kalamu. Mlango ukafunguliwa, wakaingia wanaume wanne wamebeba machela ya chama, ile ya kubebea maiti. Mbele Mzee Wubshet. Nyuma kushoto Asnake. Watu wakasimama, wengine wakaanza kufanya ishara ya msalaba, wakidhani ni msiba umepotea njia. Kisha maiti akaketi. Alikuwa Mama.

Mapajani alikuwa na shuka lake jeupe la kuzikiwa. Akalikunjua polepole, kunjo kwa kunjo, na ndani yake tarumbeta. Limeng'arishwa.

Alisema alilijua tangu siku ya kwanza. Amelala juu ya lile sanduku miezi mitatu na anaijua sauti yake, na mwanawe hajawahi kujifunza kusukuma kitu taratibu. Alisubiri nilirudishe mwenyewe. Kila akisikia mfuniko alfajiri, ule aliojifanya hausikii, alisema moyoni, leo atalirudisha. Wiki mbili zikapita. Siku ya Msalaba akamwita Mzee Wubshet, wakaandikiana: yeye anarudisha tarumbeta, chama kinamwandika kwenye mstari wake mwenyewe, si chini ya jina langu tena. Akatia kidole. Ila aliwaomba wangoje hadi leo, kwa kuwa huenda ningesema. Nami Jumatatu nikasimama mahakamani, nikasema. Nikasema chemchemi.

Niliumia, siwezi kuficha. Mbele ya watu wote nikamuuliza iweje mama amtoe mwanawe hivi. Hakuinua sauti.

"Wewe ulijitafutia wakili, mwanangu. Mimi wa kunitetea alikuwa nani?"

Hakuna aliyecheka safari hii. Wakili Seid aliangalia viatu vyake, kisha akasimama, akaiomba mahakama itazame kwamba kitu kimerudi, na umri wa mdhamini, na kwamba mshtakiwa, kwa maoni yake ya kitaaluma, hana uwezo wa kuwa hatari. Hakimu alikubaliana naye haraka sana. Kifungo cha mwaka mmoja na nusu, kimesimamishwa. Nikifanya kosa lolote ndani ya miaka miwili nakwenda kukitumikia chote. Kaniuliza kama nimeelewa. Nikasema nimeelewa.

Nje, Mzee Wubshet kalifungua daftari juu ya ukuta wa ua na kupiga mstari kwenye jina langu. Alitumia rula. Chini yake, kwa wino mpya, nikaliona la Mama limesimama peke yake: Yeshimebet. Asnake kalipiga tarumbeta kulijaribu. Bado analipiga vibaya.

Wamemrudisha Mama nyumbani kwenye machela ileile, watu wanamsalimia njia nzima. Mimi nimefuata kwa nyuma nimebeba shuka.

Meskerem 28, Jumanne

Alfajiri tarumbeta limelia. Mama alikuwa macho tayari. Akaniomba nifungue dirisha alisikie vizuri, akalala pale anatabasamu kama mtu anayeitiwa chai. Nikamuuliza anafurahia nini na mtu amefariki. Akasema anafurahi kwamba mtu huyo ametangazwa. Kisha akanigeukia.

"Wewe watakutangaza akina nani?"

Nilikwenda jikoni nikakaa mbele ya moto usio na chungu. Nilifikiria machela, na pembe zake nne, na kwamba katika mji huu wote sijui wanaume wanne watakaoinama kunibeba. Nimelia. Naliandika hili kwa kuwa humu hakuna anayesoma.

Halafu akili ikarudi.

Naanzisha chama changu cha kuzikana! Mwenyekiti mimi. Tefera mwandishi, taipureta anayo. Zerihun mlinzi wa mali. Mwizi wa kondoo ni mtu wa miraba minne, atabeba pembe mbili. Picha zote za marehemu, fremu zangu, hakuna shemeji wa mtu kuingilia. Mekuria atakula gundi.

Kinachokosekana ni kimoja. Chama bila tarumbeta si chama, ni wazee wamekaa. Na ukumbi wa bendi ya mtaa wa juu una matarumbeta manne yametundikwa, nimeyaona kwa nje. Wana manne! Moja hawatalihisi. Dirisha la nyuma lina kioo kilichoshikiliwa na misumari mitatu iliyopinda, yaani kazi ya Mekuria mtupu. Kitu cha dakika tano. Na safari hii nitakipasua, hata moyo ukiniuma, wasiseme ni fundi.

Ile hukumu siisahau. Nimejifunza. Kosa langu lilikuwa Pagume, kamwezi kafupi, mtu huna pa kugeukia. Sasa nimechagua mwezi mkubwa, wenye siku za kutosha. Nimeshapanda kwa Zerihun nikapata barua yenye muhuri, nimempa fremu ya wakili, ile ya tano niliyorudi nayo. Inasema kwamba kuanzia kesho niko chemchemi, nafunga na kuomba, na kwamba nitashuka tarehe thelathini na moja ya Meskerem.

Kazi ni ya tarehe thelathini. Nimejiwekea siku moja ya kupumulia.